Mto haukuhama: kutafuta makosa katika ramani za kompyuta

Siku moja, katika kijiji kimoja cha kaskazini mwa Haut-Katanga, tulitandika ramani mbele ya wazee wa pande mbili. Kusini mwa kijito walikaa wenyeji ambao hawakuondoka. Kaskazini yake zilikuwa familia zilizorudi baada ya miaka kadhaa ya kukimbia vita. Wote walikuwa wamekwisha kukubaliana kwamba kijito ndicho mpaka wa mashamba. Tulikuwa tumetembea nao ukingoni tukiwa na GPS, tukapima alama kumi na mbili, na kazi iliyobaki ilikuwa ndogo tu: kuziweka alama hizo juu ya ramani na kuwaonyesha.

Lakini kwenye ramani yetu alama zote zilikaa ng'ambo ya kijito, upande wa kusini, katikati ya mashamba ya wenyeji. Watu wakaanza kunong'ona. Kijana mmoja akasema kwa sauti kwamba ndivyo alivyotazamia, kwamba waliorudi wamekuja na watu wa mjini ili kuchukua bonde. Chefu alinyamaza kwa muda, kisha akaniambia, «Mwanangu, mto haukuhama. Nimezaliwa hapa. Sasa uniambie, ni nani amehama?»

Hakuna aliyehama. Kosa lilikuwa langu, nalo lilikuwa ndani ya kompyuta. Ninaliandika hapa kwa sababu siku hizi ramani za namna hii zinaletwa kwenye mikutano mingi ya mashamba na malupango, na viongozi wa familia zilizohama wanaombwa kuzitia sahihi. Si lazima kiongozi ajue kuendesha kompyuta. Lakini ni vema ajue maswali ya kumuuliza anayeiendesha.

Dunia ya mviringo, karatasi ya bapa

Menya chungwa, kisha jaribu kulilaza ganda lake juu ya meza bila kulipasua. Haiwezekani. Kila ramani ina tatizo hilo hilo: dunia ni mviringo na karatasi ni bapa, kwa hiyo mchora ramani lazima achague njia ya kulilaza ganda. Njia hiyo huitwa projeksheni. Ziko nyingi, na kila moja inampa mahali pamoja namba tofauti.

Kabla ya hapo kuna jambo la pili ambalo watu wengi hulisahau. Mpimaji lazima aamue dunia ina ukubwa gani na umbo gani, na aanze kuhesabu kutoka wapi. Uamuzi huo huitwa datumu. Mashine za GPS zinatumia datumu moja kwa dunia nzima, iitwayo WGS84. Ramani za zamani za Katanga hazikutumia hiyo, kwa sababu haikuwapo. Comité Spécial du Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1900, ilipima sehemu kubwa ya nchi hii kwa minara na darubini, kilima hadi kilima. Mfumo wa vipimo hivyo unajulikana leo katika programu za kompyuta kwa jina la Katanga 1955, nao unahesabu umbo la dunia kama lilivyokadiriwa na Mwingereza Alexander Ross Clarke mwaka 1866. Ng'ambo ya mpaka, Zambia ilitumia mfumo mwingine, Arc 1950, wenye umbo lingine la Clarke huyo huyo.

Ukichukua namba za karatasi ya Katanga 1955 ukaiambia kompyuta kwamba ni za WGS84, haitakataa. Itazipokea na kuchora. Katika eneo la Lubumbashi kila kitu cha ramani ya zamani kitaonekana kimesogea karibu mita 180, karibu zote upande wa kaskazini. Ndivyo nilivyofanya mimi. Kijito cha ramani kilipanda kaskazini, alama za GPS zikabaki mahali pake pa kweli, na machoni pa watu ikawa kana kwamba sisi ndio tuliozisukuma kusini.

Mita 180 si kitu kwa mtu anayetafuta barabara ya kwenda Kasenga. Katika bonde lenye maji ni mashamba ya familia kadhaa. Kwa wanaoishi karibu na machimbo ni jambo zito pia: sheria ya migodi ya mwaka 2002 inagawa ardhi kwa miraba ya nusu dakika kila upande, yaani pungufu kidogo ya kilometa moja, na mita 180 ni karibu sehemu ya tano ya upande huo. Nyumba yako inaweza kuonekana ndani ya mraba wa kampuni wakati iko nje, au kinyume chake.

Tazama kwanza kosa lina ukubwa gani

Mtu anayeona ramani imekosea huanza kubonyeza kila kitu. Asifanye hivyo. Ukubwa wa kosa na mwelekeo wake vinasema karibu kila kitu kuhusu sababu yake, kama vile mganga anavyouliza kwanza maumivu yako wapi.

Tuchukue Lubumbashi yenyewe. Mji uko karibu digrii 11.66 kusini ya ikweta na digrii 27.48 mashariki. Kwa mfumo wa UTM, ambao mashirika mengi yanautumia, uko katika kanda ya 35 kusini, na namba zake ni kama 552 000 kwa mashariki na 8 711 000 kwa kaskazini. Kwa hiyo ukiona namba ndogo zenye nukta, hizo ni digrii. Ukiona moja ya tarakimu sita na nyingine ya tarakimu saba, huenda ni UTM. Na ukiona zote mbili hazizidi tarakimu sita, shuku kwamba zimetoka kwenye ramani za zamani za Katanga, za Gauss au za Lambert. Mtazamo huu wa sekunde chache umeniokoa mara nyingi kuliko kitabu chochote.

Sasa tuone kijiji kinaangukia wapi kikikosewa.

Ikiwa alama ya kutoa imesahauliwa mbele ya 11.66, Lubumbashi inahamia Kordofan Magharibi, nchini Sudan. Ikiwa namba mbili zimebadilishana nafasi, inaenda Sahara Magharibi. Ikiwa namba za UTM ni sahihi lakini mtu amechagua kanda 35 kaskazini badala ya kusini, mji unatupwa kwenye bahari ya barafu, karibu na visiwa vya Svalbard. Na ikiwa digrii zimesomwa kana kwamba ni mita juu ya zile ramani za intaneti, kila kijiji cha jimbo kinarundikana kwenye nukta moja baharini, katika Ghuba ya Guinea. Watu hucheka wakiona hivyo, na ni makosa mazuri kwa maana moja: hakuna chefu atakayetia sahihi ramani ya kijiji chake kikiwa baharini.

Makosa ya katikati ni mabaya zaidi. Kuna moja ninalolikuta mara kwa mara katika daftari za watu wanaopima kwa mara ya kwanza. Mashine inaonyesha digrii 11 na dakika 40. Mwandishi anaandika 11.40. Lakini dakika 40 ni sehemu mbili za tatu za digrii, kwa hiyo ilipaswa kuwa 11.667. Kosa hilo dogo la nukta linasogeza mahali karibu kilometa 29 kaskazini. Akifanya vivyo hivyo kwa digrii 27 na dakika 29, anaongeza kilometa 21 magharibi. Kijiji bado kiko Haut-Katanga, bado kiko porini, bado kinaonekana cha kweli. Chakula cha msaada kinaweza kupelekwa huko kabla mtu hajagundua.

Kompyuta zetu zina mtego wake pia, kwa sababu nyingi zinatumia Kifaransa. Kifaransa huandika 11,66 kwa mkato, na programu nyingi za ramani zinangoja nukta. Orodha ikifunguliwa vibaya, namba moja inakatwa vipande viwili, 11 upande huu na 66 upande ule. Fungua orodha kwanza, isome kwa macho, ndipo uingize.

Halafu yako makosa ya mita mia na kitu, kama langu. Hapo jiulize: je, vitu vyote vimesogea umbali ule ule na upande ule ule? Kama ndiyo, shuku datumu. Je, kosa ni dogo upande mmoja wa ramani na linakua kadiri unavyokwenda upande mwingine? Basi projeksheni yenyewe si ile, au karatasi ilijikunja ilipopigwa picha na mashine. Je, ni alama chache tu zilizopotea na nyingine ziko sawa? Tafuta mwandishi aliyechoka, au timu ya pili iliyokuwa na GPS iliyopangwa namna nyingine. Mashine za mkononi zina ukurasa wa mipangilio ambamo datumu inaweza kubadilishwa, na mtu aliyefanya kazi Zambia anaweza kuwa ameiacha kwenye Arc 1950.

Wengine husema, «GPS yenyewe haina uhakika». Kweli, GPS ya kawaida ya mkononi inakosea mita tano, kumi, pengine zaidi kidogo chini ya miti mingi. Tangu Mei 2000, Wamarekani walipoacha kuharibu mawimbi yake kwa makusudi, haikosei mita 180. Usikubali jibu hilo kwa kosa kubwa namna hiyo.

Kubandika jina si kutafsiri

Katika programu kama QGIS, ambayo hutolewa bure, kuna kazi mbili zinazofanana kwa jina na watu wengi huzichanganya. Moja ni kuiambia kompyuta namba hizi ni za mfumo gani. Ya pili ni kuzigeuza namba kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine.

Fikiria barua iliyoandikwa kwa Kibemba. Ukibandika juu ya bahasha neno «Kiswahili», barua haijawa Kiswahili. Ndani ni Kibemba kile kile, ila sasa msomaji amedanganywa. Ili iwe Kiswahili lazima mtu aketi aitafsiri. Kazi ya kwanza ni kubandika jina, na jina liwe la kweli. Kazi ya pili ni kutafsiri, nayo hutoa faili jipya. Ukipata tabaka la ramani ambalo halilingani na mengine, mkono unataka kubandika jina jingine, na jingine, mpaka likae karibu. Ukifanya hivyo unaweza kubahatisha mahali panapoonekana sawa, na kosa la mita mia mbili litabaki ndani bila mtu kujua. Kwanza tafuta jina la kweli la lugha. Ndipo utafsiri.

Jina hilo hupotea kwa njia ya kawaida sana. Tabaka la ramani la aina ya shapefile si faili moja bali kadhaa zenye jina moja na mikia tofauti: shp, shx, dbf na prj. Hiyo ya mwisho, prj, ndiyo inayobeba jina la mfumo. Mtu anayenakili kwenye flash anachukua tatu na kuiacha moja, kwa sababu ni ndogo sana na haionekani kuwa na maana. Wape watu folda nzima iliyofungwa pamoja.

Kama jina limepotea, soma ukingo wa ramani ya karatasi. Karatasi inayosema Elisabethville na Jadotville badala ya Lubumbashi na Likasi inaonyesha majina yaliyotumika kabla ya 1966, nayo haiwezi kuwa ya WGS84, hata kama picha yake ililetwa kwenu jana. Mara nyingi pembeni imeandikwa aina ya projeksheni na jina la Clarke. Ramani za Gauss za Katanga zina mikanda minne iliyojengwa juu ya longitudo 24, 26, 28 na 30. Ukichagua mkanda usio wake kijiji kinakwenda zaidi ya kilometa mia mbili.

Kila mfumo una namba yake katika orodha inayotumika duniani kote, iliyoanzishwa na wapimaji wa makampuni ya mafuta ya Ulaya na kuitwa EPSG. UTM yetu ya kanda 35 kusini ni 32735. WGS84 kwa digrii ni 4326. Andika namba hizi kwenye daftari lako. Lubumbashi, Likasi, Kasenga, Mitwaba na Pweto zote ziko kanda 35. Dilolo, magharibi kabisa, iko kanda 34.

Na hapa kuna kisa kinachonifariji. Mfumo wa Lambert wa Katanga uliwahi kuingizwa katika orodha hiyo kwa namba 3985, na latitudo ya kuanzia kuhesabu iliandikwa 9 bila alama ya kutoa. Yaani digrii tisa kaskazini ya ikweta badala ya kusini. Aliyeitumia jinsi ilivyo aliikuta Lubumbashi katika nchi ya Sudan Kusini. Namba hiyo imeondolewa kwenye matumizi na nafasi yake imechukuliwa na 4415, yenye alama sahihi. Lakini namba ya zamani bado imo ndani ya programu nyingi, imeandikwa kwamba haitumiki tena, na mtu mwenye haraka anaweza kuichagua. Mkono wa mtaalamu wa orodha ya dunia nao uliteleza, kwa alama ndogo kama unywele.

Usipime hekta juu ya ramani ya intaneti

Hili ni fupi lakini linagusa tumbo. Ramani zinazoonekana kwenye intaneti hutumia projeksheni inayovuta nchi kadiri unavyokwenda mbali na ikweta. Huku kwetu inaongeza ukubwa wa shamba karibu asilimia 4. Hekta 100 zitasomeka kama 104. Kama ardhi ya kugawia familia imehesabiwa hivyo, malupango manne ya mwisho ya hekta moja moja yako kwenye karatasi tu, na ni familia za mwisho kwenye orodha zitakazoambiwa kwamba nafasi imekwisha. Pima hekta kwa UTM.

Si kila tofauti ni kosa la namna hii, lakini. Ramani iliyotengenezwa kabla ya 2015 itaonyesha Katanga moja, kwa sababu ndipo jimbo lilipogawanywa kuwa Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Hiyo ni siasa, na hakuna kitufe cha kuirekebisha. Vilevile mito midogo huhama kweli baada ya mvua kubwa, na barabara za zamani humezwa na msitu. Kwa hiyo usiseme «ni projeksheni» kabla ya kupima.

Kupima ndiyo njia ya kumaliza ubishi. Chagua vitu vitatu au vinne ambavyo havihami na vinavyoonekana kwenye ramani ya zamani: daraja la reli, kanisa la zamani, njia panda, bomba kubwa la moshi la Gécamines kama uko mjini. Visiwe pamoja, viwe pembe tofauti za ramani. Nenda ukasimame hapo na GPS iliyopangwa WGS84, andika namba, kisha uone zinaangukia wapi. Pima tofauti na mwelekeo wake kwa kila kimoja. Zikiwa zote ni mita 180 kusini ya mchoro, umepata jibu, na mtu yeyote aliyekuwa pamoja nawe ameliona kwa macho yake.

Ndivyo tulivyofanya kijijini siku ile. Kulikuwa na daraja la zege la zamani umbali wa saa moja kwa mguu. Tulikwenda watu tisa, kutoka pande zote mbili, pamoja na yule kijana aliyesema maneno makali. Yeye ndiye aliyeshika mashine. Juu ya daraja, mashine ilisema tuko kusini ya daraja kwa mita 170 na kitu. Akatazama chini ya miguu yake, akatazama kioo, akacheka. Jioni niliirudisha ramani kwenye mfumo wake wa kweli, nikaitafsiri upya, na alama zote kumi na mbili zikakaa ukingoni mwa kijito, isipokuwa moja iliyokuwa ndani ya maji kidogo. Chefu aliuliza ile moja ni ya nani. Ilikuwa yangu, niliteleza wakati wa kupima.

Tangu wakati huo sipeleki ramani mkutanoni bila kuandika chini yake mambo manne: jina la mfumo na namba yake, tarehe ya kupima, majina ya waliopima kutoka kila upande, na kosa linaloweza kuwepo kwa mita. Faili la kwanza silifuti kamwe, hata likiwa na makosa, kwa sababu siku moja mtu atakuja na nakala yake ya karatasi aliyoihifadhi chini ya godoro, na itabidi tumwonyeshe tofauti ilitoka wapi. Mkiletewa ramani ambayo haina hayo manne, mwombeni aliyeileta ayaandike kwa mkono hapo hapo, mbele yenu, kabla kalamu ya sahihi haijatolewa. Asipojua jina la mfumo, mpeni siku chache akalitafute.